Mama Mkwe Kiti cha Nyuma: Shika Adabu hadi Wundanyi kwa Gari la Umeme

Mimi Karisa nilikuwa nimefika umri wa kutoshangazwa na kitu, na nyinyi mnaonijua mtanishuhudia. Nimebeba magunia bandarini Kipevu nikiwa sina viatu. Nimeendesha lori la watu mpaka Malaba, breki zake za kumwomba Mungu. Gari langu la kwanza nililinunua halina injini, injini nikaja kuipata baadaye, nikaitia kwa mikono yangu uani kwetu Mikindani. Leo nina teksi, duka la vipuri Changamwe na nyumba ya mawe, na shule niliachia darasa la tano. Waliofika chuo huja dukani kwangu kuniuliza bei. Mtu kama huyo ashangazwe na nini tena?

Tangu nirudi, kila nikipita stendi mnanishika mkono. Kilonzo, ambaye siku niliyonunua gari la umeme aliniuliza kama linatumia betri za tochi, sasa ndiye wa kwanza kutaka kujua lilifikaje Taita. Wengine mnauliza swali la maana zaidi: kwa mtu wa kawaida, lipi lina nafuu, umeme au petroli? Nami nimechoka kusimulia vipande vipande. Kaeni niwaelezee mara moja.

Mjini nilikuwa nimeshaona faida yake. Stesheni wagon yangu ya petroli ikishinda kazini inakula kama elfu mbili kwa siku. Hili la umeme kwa kazi hiyohiyo linakula tokeni, ule umeme wa kulipia kabla, za mia sita, halitaki oili, halitaki plagi. Nikajitapa kwenu, mnakumbuka. Lakini mjini ni mjini. Gari hulijui mpaka ulisafirie.

Kabla ya kutoka

Mke wangu Wakio alikuwa ametangulia Wundanyi kumuuguza mama yake mkubwa, Bi Mghoi. Akanipigia simu kwamba mgonjwa anazidi kulegea, na analolitaka ni moja tu: kumwona mdogo wake. Mdogo wake ndiye mama mkwe wangu, anayekaa Shika Adabu kwa shemeji yangu.

Shida ni kwamba Mama hasafiri. Harufu ya petroli ikimwingia puani anatapika mpaka anaishiwa nguvu. Miaka ya nyuma mume wa Bi Mghoi alipofariki, walimpakia Mama waende mazikoni. Walipofika Maungu alikuwa amelala chini kando ya barabara, macho yamegeuka. Ikabidi warudi. Maziko yakapita hayupo. Tangu siku hiyo hakupanda tena gari, hata kanisani huenda kwa miguu. Sasa dada yake mwenyewe anaugua. Safari hii ikishindikana, haitakuwepo nyingine.

Wakio hakunibembeleza. Alisema, "Baba Neema, gari lako si halinuki? Mlete mama."

Nikasema sawa. Baada ya kukata simu ndipo nikakumbuka kwamba tutakuwa wawili peke yetu. Kwetu, mkwe ni mtu wa kuheshimiwa kwa mbali. Huketi naye kiti kimoja, huli mbele yake, humkazii macho. Miaka yote ya ndoa yangu, mimi na Mama tulikuwa tumeongea shikamoo na marahaba, na pole kukiwa na msiba. Na Wundanyi si karibu.

Shika Adabu hadi Dongo Kundu

Nililijaza gari umeme nyumbani, nikavuka Dongo Kundu asubuhi nimfuate. Nilimkuta Mama ameketi mlangoni, amevaa gauni la ibada, ana kikapu, ndimu mbili na ndoo ndogo yenye mfuniko. Ile ndoo niliielewa. Wanawake wa ua mzima walikuwa wamesimama kama wanaoaga meli.

Kwanza alilinusa gari. Akazunguka, akanusa nyuma, akanusa mbele, akaingiza kichwa mlangoni. Kisha akapanda kiti cha nyuma. Mimi nikakigeuza kioo cha kati kitazame paa, nisije nikakutana naye macho. Nikaliwasha.

Akasema, "Tuombe kwanza," akainamisha kichwa, nasi sote tukainamisha.

Mama aliomba kwa Kitaita, kisha kwa Kiswahili. Akaiombea barabara, akaniombea mimi, akawaombea madereva wa malori. Nikangoja amina niondoke. Akawaombea wavukao kivuko, akawaombea mabaharia. Nikachungulia, wanawake wanabadilisha mguu wa kusimamia. Akaanza kuwaombea kuku wa jirani, na mimi nikaanza kufikiri labda ni hofu, hataki kuondoka. Ningemwambiaje mkwe kwamba sala inatosha?

Mwisho mama mmoja wa pale akamwinamia dirishani. "Mama, gari limeshawaka."

"Limewaka saa ngapi?"

"Tangu mabaharia."

Kumbe kanisani kwao sala ya safari ina utaratibu wake. Dereva huwasha gari sala ikiendelea, na amina husemwa injini ikiunguruma. Mama alikuwa anaungoja muungurumo ili amalize, mimi naingoja amina ili niondoke. Kama si yule mama, tungekuwa Shika Adabu mpaka leo.

"Basi amina," akasema, kwa sauti ya mtu aliyepunjwa.

Mazeras hadi Maungu

Sasa niwaambie jambo ambalo hakuna muuza magari atakayewaambia. Petroli ina kelele, na ile kelele ni mtu wa tatu garini. Inawasemea wasio na la kusema. Ndani ya gari la umeme hakuna wa kuwasemea. Nilimsikia Mama akimeza mate. Nilimsikia akifungua kikapu, akifunga kikapu. Yeye naye bila shaka alinisikia tumbo, maana sikuwa nimekula. Tulipita Mazeras hivyo, tukapita mizani ya Mariakani hivyo, watu wawili wazima wanasikilizana pumzi.

Baada ya Samburu akaanza kuimba tenzi, taratibu, kama anayejiimbia jikoni. Nikaijua ile tenzi. Sikuthubutu kuitikia, lakini vidole vyangu viliitikia kwenye usukani.

Nikanogewa, nikakanyaga. Nilitaka kumfikisha mapema, na niseme kweli, nilitaka kulionyesha gari. Aliyeniuzia alinihakikishia kwamba chaji moja inafika Wundanyi na kubaki. Alichoacha kusema ni kwamba umeme hauna desturi za petroli. Petroli ukiendesha kasi inaongeza ulaji kidogo, wala husikii. Umeme ukiendesha kasi na kiyoyozi umekifungua, namba za chaji zinashuka unaziona, kama maji kwenye mtungi uliotoboka. Kufika Taru nilipiga hesabu: Voi tutafika, mlima hatuupandi.

Nikazima kiyoyozi. Nyika ya Taru saa hizo mnaijua. Gari likawa tanuri. Nikateremsha vioo, na papo hapo lori likatupita, moshi wake wote ukaingia ndani. Tenzi ikakatika. Nikasikia mfuniko wa ndoo unafunguliwa.

Nikapandisha vioo, nikafungua kiyoyozi, nikapunguza mwendo mpaka malori yakawa yananipigia honi. Nyinyi mnanijua, mimi sipitwi. Siku hiyo nilipitwa na trekta. Nilikuwa nasikiliza nyuma tu. Baada ya kitambo mfuniko ukafungwa. Ndoo ilikuwa haijatumika.

Maungu nikaegesha kwenye mgahawa ulioandikwa ukutani CHAJI SIMU 20. Mwenyewe, mama mnene mwenye kanga kiunoni, akatoka na kiboksi cha nyaya.

"Lete simu."

"Ndiyo hii," nikamwonyesha gari.

Akalitazama, akanitazama. "Baba, hiyo si simu. Hiyo ni mashine ya kusaga."

Nikaanza mia, yeye akataka elfu. Akaniuliza kama nimekuja kumfungia biashara, nikamwuliza kama amejenga bwawa la umeme yeye mwenyewe. Tukafika mia nne, kwa sharti kwamba friji ya soda isizimike. Tukacheka, waya ukapitishwa dirishani. Na mgeni mambo ni mepesi hivyo: unamlipa, mnatukanana kidogo, mnaachana kwa amani. Likumbukeni hilo.

Maungu, tulipokaa

Kuchaji kwa soketi ya nyumbani ni kazi ya nusu siku. Petroli ungejaza ukaondoka kabla hujamaliza kunawa mikono.

Mama alishuka akasimama, akatazama ng'ambo ya barabara. "Ni pale," alisema. Sikuuliza pale wapi. Alikuwa anatazama kipande cha ardhi kando ya lami ambacho hakina kitu.

Mwenye mgahawa akatuwekea meza moja, ugali na mbuzi wa kuchemsha, akaenda zake. Meza moja, sahani mbili, mimi na mama mkwe. Nikasimama kando ya gari kama askari, nikajifanya nakagua magurudumu. Njaa inaniuma. Yeye naye hakugusa chakula. Tungekaa hivyo mpaka nyama igande.

Mwisho nikamsikia akiburuta kiti. Alikuwa amekigeuza, mgongo wake umeelekea meza, sahani ameipakata.

"Kula, baba," akasema. "Sikuoni."

Nami nikaketi kwa kumpa mgongo. Tukala hivyo, migongo imetazamana, kila mtu na upande wake wa Kenya: mimi naiona njia ya Mombasa, yeye anaiona milima ya kwao. Sijui ni kwa kuwa hatukuonana, au ni kwa kuwa tulishazoea kusikilizana, lakini Mama akaanza kuzungumza.

Alinieleza habari za Mzee Mwadime, mume wa Bi Mghoi. Wazazi wao walifariki yeye Mama akiwa mtoto mdogo. Mwadime alipokuja kumuoa Mghoi, aliambiwa bibi harusi ana mzigo, mdogo wake. Akajibu kwamba ana mabega. Akamchukua, akamlea, akampeleka shule kwa kumbeba mabegani wakati wa mvua maana njia ya mlimani ilikuwa na utelezi. Siku ya harusi yake yeye Mama, Mwadime ndiye aliyesimama kama baba.

"Na mtu huyo," akasema, "sikumtupia mchanga."

Mimi, ambaye maneno huniponyoka hata nisipoulizwa, nikaendelea kutafuna. Kisha nikajikuta namwambia kitu ambacho hata Wakio sijamwambia: kwamba siku nilipokwenda kuposa niliogopa watanifukuza kwa kukosa shule, na tangu hapo kila ninachojenga, kila ninachonunua, kuna sehemu yangu inayotaka wao wakione.

Nikasikia sahani yake ikiwekwa chini. Halafu akasema, "Baba yao ndiye aliyesema huna shule. Mimi nilimwambia, angalia mikono ya huyu kijana. Wewe ulikuwa umeificha chini ya meza, kwa sababu ya oili."

Miaka yote hiyo nilidhani hawakuiona.

Mwatate kupanda Wundanyi

Tuliondoka Maungu jua limeelemea. Kupita Mwatate barabara inaanza kujikunja kupanda, na zile namba zikaanza kunidai. Kila kona inanyang'anya. Nilizima redio, nikazima kiyoyozi kwa kuwa huko hewa ni baridi, ningeweza ningezima na taa za breki. Mama nyuma alikuwa amefungua kioo mwenyewe, akinitajia vitu kabla hatujaviona: hapa mkaratusi, hapa wanachoma majani ya migomba, hapa kuna mto. Alikuwa anavinusa. Alisema safari zote za ujana wake hakuwahi kuisikia harufu ya kwao kutoka garini. Ilikuwa petroli tu mpaka mlangoni.

Gari likaanza kutoa onyo jekundu tulipokuwa tunaingia uani kwa Mwandoe, mtoto wa Bi Mghoi. Ndoo ilikuwa kavu. Nilimshukuru Mungu na nikajishukuru na mimi kidogo.

Hakuna aliyetoka kutupokea kwa sababu hakuna aliyetusikia. Mama akaingia ndani mwenyewe, nami nikasimama mlangoni na kikapu. Bi Mghoi alikuwa kitandani, amekonda, macho makubwa. Alimtazama mdogo wake.

"Umekuja kwa miguu?"

"Nimekuja kwa gari la Baba Neema."

"Sikusikia gari."

"Hata mimi sikulisikia," Mama akasema, akavua viatu, akapanda kitandani kando ya dada yake. Wakaanza kuongea Kitaita kwa pamoja, hakuna anayemngoja mwenzake. Wakio akanivuta mkono tuwaache.

Wundanyi

Hapa ndipo niliposhangazwa, nisikilizeni vizuri.

Mwandoe na mkewe walinipokea kama waziri. Wakapitisha waya dirishani wao wenyewe, wakalichomeka gari. Wakati wa chakula nikawapa hotuba yangu mliyoizoea, jinsi gari hili lisivyokula kitu, jinsi safari nzima inavyonigharimu kama bure. Katikati ya hotuba taa zikazimika.

"Umeme umepotea," Mwandoe akasema.

"Ni mtaa mzima," mkewe akasema.

Nikachungulia, ng'ambo ya bonde nyumba zinawaka. Mwandoe akasema ile ni laini nyingine. Nikaridhika, ikawashwa taa ya mafuta, nikaendelea na hotuba.

Kesho yake umeme ukarudi, ukapotea, ukarudi. Kila ukirudi, gari linapanda kidogo. Nilisikitika kwao, jinsi laini yao ilivyo mbovu. Nikashauri hata waandike malalamiko.

Jumapili tukaenda kanisani. Wakati wa matangazo, mzee wa kanisa akasimama na kusema kwa furaha kwamba anawashukuru akina mama wa jumuiya na majirani wote waliochangia tokeni za gari la mkwe wetu kutoka Mombasa. Limeshafika nusu, na mwenye hamsini au mia bado anakaribishwa. Watu wakapiga makofi. Wakanigeukia, wakanitabasamia.

Niliketi pale na suti yangu. Hakuna laini iliyokuwa mbovu. Nilikuwa nimemaliza tokeni za nyumba ile za mwezi mzima kabla sahani hazijaondolewa mezani, na kwa kuwa mimi ni mkwe hakuna aliyeweza kuniambia, nami kwa kuwa ni mkwe sikuweza kuuliza chochote ndani ya nyumba ile. Wamekaa gizani na mgonjwa, huku wananiambia ni mtaa mzima. Na kijiji kikanichangia. Mimi, ambaye sijawahi kuomba hata chumvi.

Sadaka ilipopita nikatia elfu nzima. Nje nikamshika Wakio nikamwambia nitawarudishia pesa zao zote leo hii, mara mbili.

"Ukiwarudishia utakuwa umewatukana," akasema. "Wamemkirimu mgeni, wewe unawalipa kama mgahawa?"

"Basi nifanye nini? Nimechangiwa kama mgonjwa."

Akafikiri. "Lete mbuzi wa mahari."

"Mahari nilimaliza. Yote, kwa mkupuo. Ukoo mzima unajua." Na kweli, hilo nimejitapia miaka yote.

"Mahari huishaje, Baba Neema?"

Ndugu zangu, jioni ile nilivaa tena suti nikasimama mbele ya wazee wa ukoo, nikawaambia kwamba nimekumbuka mbuzi mmoja ambaye sikumtoa wakati wa kuoa. Ilikuwa ni uongo, na kila mzee pale alijua ni uongo. Yule mkubwa wao akakohoa.

"Tulikuwa tunajua," akasema. "Tulikuwa tunangoja ukumbuke mwenyewe."

Kisha wakashauriana, wakanitoza mablanketi mawili na kreti ya soda kwa kuchelewa kukumbuka. Mbuzi nikamnunua palepale kwa jirani. Alichinjwa, waliochangia wote wakala, na Mwandoe akapokea kutoka kwa wazee kitu kidogo cha kununua tokeni, kutoka mfuko wa ukoo, si kutoka kwangu. Hakuna aliyelitaja gari. Sijawahi kulipa deni kwa njia ndefu hivyo, wala sijawahi kulipa nikajisikia mwepesi hivyo.

Usiku ule taa ziliwaka. Chumbani kwa Bi Mghoi nilisikia wanawake wazee wawili wanacheka kwa kujizuia, kama wasichana walioambiwa walale.

Kushuka Mwatate

Gari lilipojaa, Bi Mghoi akatoa amri yake. Kaburi la Mzee Mwadime liko kwenye shamba lao la zamani, chini Mwatate, anakokaa binti yake. Tangu aanze kuugua hakuwahi kuteremshwa, kwa kuwa magari ya huko yanamrusha na moshi unamkaba kifua. Alitaka apelekwe, na mdogo wake awe kando yake. Huko joto litamfaa, watakaa wote wawili kwa binti.

Mwandoe akambeba mama yake mpaka garini, mwepesi kama nguo. Wakaketi nyuma, blanketi moja magoti manne. Wakio akaketi mbele nami.

Nilishuka ule mlima kama nimebeba mayai. Na hapa kuna jambo ambalo petroli haitakufanyia: gari la umeme likiteremka, linajirudishia. Namba zilizonitesa kupanda zikawa zinarudi, moja, nyingine, nyingine. Bi Mghoi, ambaye macho yake bado yanaona kuliko yangu, akaziona kutoka nyuma.

"Linakunywa nini?" akauliza.

"Linakunywa mteremko, Mama."

Akalifikiria hilo mpaka kona ya pili. "Basi twende polepole linywe."

Shambani tulimshusha Bi Mghoi kwenye kiti, tukamweka kando ya kaburi. Limejengwa vizuri, kuna msalaba wa saruji. Mama alisimama muda mrefu. Kisha akapiga magoti, akakwangua udongo kwa vidole, maana ulikuwa mgumu, akajaza kiganja, akautupa. Akajaza tena, akautupa. Mimi niligeuka nitazame migomba, kwa heshima, na kwa sababu nyingine.

Bi Mghoi akaligusa kaburi kwa fimbo yake, kama mtu anayebisha hodi.

"Mwadime," akasema. "Huyu hapa. Alikosa gari tu."

Mwatate hadi Changamwe

Tuliwaacha pale, wameketi barazani kwa binti, wanagombana kuhusu jina la ng'ombe waliyekuwa naye utotoni. Mimi na Wakio tukateremka kwa chaji ileile, bila kusimama kuchaji. Umeme wa wale akina mama ulinifikisha mpaka kwenye mzunguko wa barabara pale Changamwe, na bado ukabaki wa kuingilia nyumbani.

Sasa jibu lenu. Kama kazi yako ni ya mjini, na unalala kwenye nyumba yako yenye soketi yako, chukua umeme. Utasahau oili, utasahau plagi, breki zitadumu. Lakini magurudumu yatalika upesi kwa uzito wake, fundi wa kulielewa utamtafuta Mombasa nzima na simu hapokei, na bei ya betri mpya watu huitaja kwa kunong'ona. Kama wewe ni wa safari za mbali na haraka, baki na petroli yako. Unalipa pampu, unaondoka, hakuna anayekujua. Umeme, ukiishiwa, unaingia nyumbani kwa watu.

Mama bado yuko Mwatate. Wakio ameongea naye jana. Dada yake anakula, na anaulizia gari. Kwa hiyo Kilonzo, yule mteja uliyeniletea anayetaka kulinunua, mwambie haliuzwi.

Stesheni wagon yangu kwenda na kurudi ingekula petroli ya elfu tano na mia mbili hivi, na Mama angeishia Maungu. Safari hii ya umeme, nikijumlisha tokeni za nyumbani, mia nne za yule mama wa mgahawa, chakula, sadaka, mbuzi, mablanketi, kreti ya soda na sukari ya kuagia, imenigharimu shilingi elfu kumi na tano, mia saba na sabini.